Usiku Nilioomba Mji Uchafuke

Kwako wewe ambaye tarehe ya kutetea teze yako ya udaktari imeshabandikwa kwenye ubao wa chuo, na tangu siku hiyo bugali haushuki kooni: pole sana. Najua unajiona uko peke yako, maana wote wanaokuzunguka wanakupongeza. Wanasema, "Umeshafika, kimebaki kidogo tu." Mimi pia waliniambia hivyo, na kila nilipoambiwa nilitafuta mahali pa kukaa. Nitakusimulia yaliyonipata, tangu mwanzo. Na sitakuficha: hata sasa, nikiandika neno juri, viganja vinatoa jasho.

Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu hapa Bukavu. Nilianza kama asistanti, nikapanda ngazi moja, nikakaa hapo miaka mingi. Kwetu Kongo bila teze hutaitwa profesa, hata ufundishe mpaka mvi zikutoke. Nililea watoto, nikafundisha, nikahesabu samaki usiku. Ndiyo, samaki. Teze yangu ilihusu sambaza.

Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme tu kwamba sambaza ni samaki wadogo wa ziwa Kivu, na asili yao si huku. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, kwa sababu katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki wa kuvuliwa. Walizoea, wakazaana, wakawa chakula cha kila nyumba na biashara ya mama wengi. Huvuliwa usiku. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa chini, taa zinawashwa juu ya maji. Samaki wanafuata mwanga. Wavuvi wanaimba huku wakipiga kasia, na ukikaa karibu na ziwa utawasikia mpaka usingizi ukuchukue.

Baba mkwe wangu ni mzee wa kisiwa cha Idjwi, amewavua sambaza maisha yake yote. Yeye ndiye aliyenipeleka ziwani mara ya kwanza na ndoo zangu na rula. Nimekesha kwenye mitumbwi ile upepo ukivuma kutoka upande wa Kalehe, na sikuogopa. Nawaambia wanafunzi wangu mpaka leo kwamba zile zilikuwa siku za raha. Kazi yenyewe ya teze haikunitisha hata kidogo.

Ilinitisha siku promota, yaani profesa aliyesimamia teze yangu, aliponipigia simu mwaka 2022. Alisema wasomaji wote wamekubali, juri imekamilika, tarehe imepangwa. Nilimshukuru. Nilikata simu. Nikaenda kutapika.

Nilidhani ni chakula.

Wiki chache kabla ya tarehe, wenzangu wa idara walinipangia jaribio. Walikuwa watu ninaokula nao, ninaopanda nao pikipiki moja mvua ikinyesha. Walikaa kwenye madawati ya mbele, mmoja akajifanya mwenyekiti wa juri, akanipa neno. Nikasimama. Picha ya kwanza ilikuwa ukutani: ziwa, na mitumbwi mitatu. Nikafungua mdomo.

Sauti haikutoka.

Si kwamba nilisahau. Maneno niliyaona yote, yamepangwa. Koo lilikuwa limefungwa. Nilijaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Mmoja akacheka akidhani natania, kisha akaacha. Waliniletea maji. Nilikunywa, nikaondoka bila kuchukua mkoba wangu, na mkoba ulinifuata nyumbani jioni, mkononi mwa kijana wa kazi.

Tangu hapo usingizi ulikwisha. Nililala saa moja, nikaamka moyo ukienda mbio. Tumbo liliendesha. Mikono ilikufa ganzi nikiwa nasonga bugali. Nilianza kuwakwepa watu. Nikimwona profesa yeyote barabarani, navuka upande wa pili, na barabara za Bukavu unazijua, kuvuka si jambo dogo. Mume wangu aliniuliza, "Mama watoto, una nini?" Nikasema nimechoka. Alikuwa ametoa pesa za kuchapisha teze, za togo, yaani joho, ya kukodi na za karamu. Ndugu zake wa Idjwi walikuwa tayari wameahidi samaki. Ningemwambia nini?

Nilienda kituo cha afya kwa siri, nikiwa na hakika kwamba moyo wangu unakufa. Mama muuguzi, mtu mzima, alinipima presha, akanisikiliza kifuani, akanitazama machoni. "Moyo wako ni mzima, mama. Unaogopa nini?" Niliona haya. Watu wanakuja pale wamepigwa risasi, wamebakwa, wamefiwa. Mimi nimeogopa mtihani. Nilimwambia siogopi kitu. Alinionyesha namna ya kupumua: ingiza hewa, kisha itoe polepole kuliko ulivyoiingiza. Nilimwitikia kwa kichwa na sikumfuata. Nilitaka dawa. Nitasema ukweli wote: nilitaka ugonjwa. Nilitaka karatasi inayosema mama huyu ni mgonjwa, asisimame mbele ya juri.

Mume wangu alipogundua hali yangu alijaribu kunitia moyo kwa njia ya wanaume, yaani kwa mfano wa mtu mkubwa. Alinikumbusha Daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi. Mtu ambaye mwaka 2012 alizungumza katika Umoja wa Mataifa, na mwezi uliofuata akashambuliwa nyumbani kwake hapa hapa mjini, akanusurika. Mwaka 2015, akiwa na miaka 60, alitetea teze yake Bruseli, juu ya majeraha ya wanawake aliokuwa akiwapasua. Tuzo ya Nobel ilikuja baadaye, 2018. "Naye alikaa kama mwanafunzi, akaulizwa," mume wangu akasema. Alisema vizuri. Mimi nilizidi kuumia, nikawaza: yule ni Mukwege, mimi ni nani na samaki wangu?

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe.

Zilikuwa zimebaki siku chache. Umeme ulikatika. Watoto walilala. Nilichukua rozari, nikajifungia chumba cha nyuma tunamoweka magunia ya makaa. Nilitaka kusali kwa ajili ya teze. Nilipiga magoti. Nilianza vizuri. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema maneno ambayo sikuyapanga.

"Bwana, mji uchafuke."

Nikarudia.

"Uchafuke kidogo tu. Wafunge chuo. Kidogo tu."

Wakati huo watu walikuwa wanapigana Rutshuru. Habari za vita zilikuwa kila siku redioni. Na mimi niliomba vifike kwetu, ili nisiulizwe maswali.

Nikanyamaza. Nikajisikia.

Wewe wa hapa unaelewa maana yake. Kwa wa mbali: mwaka 1996 nilikuwa na miaka 15. Tarehe 29 mwezi wa kumi Askofu Mkuu Munzihirwa wa Bukavu aliuawa pale Nyawera, hapa mjini. Bunduki zililia. Tulijibanza nyumbani, sisi watoto chini ya kitanda. Askari walipita karibu na dirisha. Marehemu mama yangu aliweka kiganja chake juu ya mdomo wangu, akabana. Baadaye tulitembea kwa miguu kuelekea Walungu, godoro kichwani, na kwenye barabara ile niliona vitu ambavyo sitaviandika. Mwaka 2004 mji ulipochukuliwa tena nilikuwa mwanafunzi wa chuo. Tena sakafuni. Tena kimya.

Na mtoto huyo huyo alikuwa amepiga magoti anaomba risasi.

Hapo ndipo pumzi ilipokatika. Sikuweza kuingiza hewa. Kifua kilibana. Giza. Nilishika gunia la makaa. Nilidhani ni adhabu, kwamba Mungu ananichukua pale pale kabla sijaomba la tatu. Vidole vilikunjamana. Nilitaka kumwita mume wangu. Sauti hakuna. Tena hakuna. Nilitambaa mpaka mlangoni nikaugonga kwa kichwa.

Yaya, yaani dada yangu mkubwa, ndiye aliyenisikia. Anauza vitenge Kadutu, na wiki zile alikuwa amekuja kwetu kunisaidia watoto. Alifungua na tochi ya simu mkononi. Hakupiga kelele. Aliketi chini kwenye vumbi la makaa na kitenge chake kizuri, akanivuta begani kwake, akaanza kupumua kwa nguvu ili nimfuate. Ajabu ni kwamba ilikuwa namna ile ile ya mama muuguzi, kutoa polepole kuliko kuingiza. Hakufundishwa na mtu. Sijui tulikaa muda gani.

Niliporudiwa na sauti nilimwambia nilichoomba. Nilingoja anikemee. Yaya ni mtu wa sala sana, katika shirika letu la kanisani yeye ndiye anayeongoza nyimbo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mdogo wangu, mwili wako unadhani ni mwaka 96."

Sikuelewa.

"Mama alikuziba mdomo. Mimi pia alinikanyaga mguu nisilie. Tulifundishwa, ukiogopa, nyamaza. Ukisema neno wote tunakufa. Sasa unaogopa wale maprofesa, na mwili unafanya kazi uliyofundishwa. Koo linajifunga lenyewe. Huo si ujinga, na si dhambi."

Nililia. Miaka yote nilikuwa nimesoma vitabu vya Wazungu juu ya kuzungumza mbele ya watu: tabasamu, simama wima, watazame machoni. Hakuna kilichonieleza hilo. Muuza vitenge aliniambia, na amesoma mpaka darasa la sita tu, kwa sababu pesa zilizobaki zilinisomesha mimi.

Kesho yake alimweleza mume wangu yote, bila kuniomba ruhusa. Wawili hao walipanga. Baba mkwe alivuka ziwa kwa boti kutoka Idjwi na kikapu cha nanasi, akidai amekuja kusalimia wajukuu. Na jioni, baada ya chakula, meza ya sebuleni ilisogezwa. Baba mkwe aliketi katikati, yaya kulia, mume wangu kushoto, wamejifunga vitenge mabegani kuwa togo. Binti yangu mdogo alifanywa katibu. Mimi nilisimama karibu na mlango na karatasi zangu.

Yaya aliweka sheria moja. Nikipoteza sauti, hakuna mtu wa kunisaidia. Hakuna maji ya kuletewa, hakuna pole. Wote wakae, wangoje, hata kama ni robo saa. "Ajue kwamba akinyamaza hafi, na akisema hafi."

Jioni ya kwanza nilinyamaza sana. Mbwa wa jirani alibweka, akachoka. Binti yangu aliandika kwenye daftari lake "mama anatetemeka" na akaniuliza kwa nini. Nikamjibu: ninaogopa. Lilikuwa neno la kwanza kutoka. Na baada yake, polepole, nyembamba kama uzi, ikatoka sentensi ya kwanza ya teze yangu, kwa Kiswahili, maana baba mkwe hajui Kifaransa. Nilieleza jinsi maji ya chini ya Kivu yalivyojaa gesi na kukosa oksijeni, kwa hiyo samaki wanaishi katika sehemu ya juu tu. Nilieleza mbalamwezi: usiku wa mwezi mpevu sambaza wanatawanyika, hawaji kwenye taa, na wavuvi wanapumzika. Mzee alitikisa kichwa, akasema hayo anayajua tangu kabla sijazaliwa. Kisha akauliza:

"Umesema samaki katika kila wavu wanapungua. Je, samaki wamepungua, au sisi wavuvi ndio tumeongezeka?"

Nilikuwa na sura nzima juu ya swali hilo. Nilijibu mpaka taa ikaisha mafuta, na nilipokaa ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimezungumza muda mrefu kuliko juri yoyote ingeweza kuvumilia. Mikono bado ilikuwa inatetemeka, ila sauti ilikuwepo. Tulirudia kila jioni, siku nyingine kwa Kifaransa kwa sababu ya mume wangu. Baba mkwe alikaa tu na togo yake akisikiliza lugha asiyoijua, na mara nyingine alitikisa kichwa kwa ukali kunitisha makusudi. Huku shirika letu lilikuwa limeanza novena. Yaya hakuwaambia sababu. Alisema tu kuna mtu anahitaji koo lake.

Usidhani hofu iliondoka. Usiku wa mwisho sikulala. Asubuhi tumbo liliendesha kama kawaida. Mvua ilinyesha, barabara zikawa matope. Tulipopita Nyawera nilifanya ishara ya msalaba na kumwomba marehemu Askofu aniombee. Nilikuwa nimebeba mkoba, kitambaa, chupa ya maji, na karatasi tupu ya kuandikia maswali. Hiyo karatasi nakushauri usiisahau. Juri yetu iliuliza kila mmoja kwa zamu, na mtu mwenye hofu husikia nusu ya swali. Niliandika kila neno, kwa mwandiko mbaya ambao leo hata mimi siusomi. Nikiandika, mkono ulipata kazi na koo likapumzika.

Ukumbi ulijaa. Togo nyeusi mezani. Mwenyekiti akanipa neno. Nilianza vizuri, picha ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu koo likafunga.

Likafunga kabisa.

Nilimtafuta yaya. Alikuwa safu ya pili. Hakutabasamu. Alitazama saa yake kama mtu anayengoja basi, akatulia. Mume wangu aliinama. Promota alianza kuinuka ili aseme kitu, na sijui ni nani aliyemvuta akae. Nilitoa hewa polepole. Nikanywa maji. Nikasema moyoni: mama, ondoa mkono wako, askari wamepita. Kisha nikaendelea na picha ya tatu. Baadaye rafiki yangu mmoja aliapa kwamba nilinyamaza muda mfupi tu, alidhani nageuza ukurasa.

Maswali yalikuja. Swali la baba mkwe halikuulizwa, jambo ambalo mpaka leo linamuudhi. Profesa mmoja aliuliza juu ya onyo la mtafiti Mbelgiji, Dumont, wa mwaka 1986. Yeye aliona kwamba baada ya sambaza kuingia, kiroboto cha maji kilichokuwa kikila mwani kilitoweka ziwani, akajiuliza kama huo haukuwa msiba mwingine wa mazingira katika Afrika. Je, mimi natetea samaki au natetea ziwa? Nilijibu kwamba kiroboto kimepotea kweli, na samaki wanalisha watu kweli, na kwamba takwimu zangu zinaonyesha cha pili vizuri kuliko cha kwanza. Swali jingine sehemu yake ilinishinda. Nilisema vipimo vyangu havifiki hapo. Mwenyekiti aliandika kitu, nikadhani nimeanguka. Kumbe wao nao huandika tu.

Tukatolewa nje wajadiliane. Tukaitwa. Tukasimama. Nilisikia jina langu na neno daktari, lakini daraja sikulisikia, kwa sababu yaya alikuwa amepiga vigelegele kabla ya wakati na mwenyekiti akalazimika kurudia. Nje walinimwagia poda kichwani mpaka macho yakawasha. Baba mkwe alicheza kwenye matope na viatu vyake vya kanisani. Tulikula sambaza, bila shaka.

Namshukuru Mungu. Namshukuru na yule mama muuguzi, ambaye nilimrudia baadaye na kumwambia ukweli.

Lakini nilisema sitakuficha. Mwezi wa pili mwaka 2025 mji ulichafuka kweli. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulitekwa, waasi wa M23 wakaingia Bukavu, benki zikafunga milango. Usiku wa kwanza, sakafuni na watoto wangu, nilikumbuka sala ile ya kwenye makaa. Nilimwambia padri wetu, naye akaniambia Mungu hafanyi kazi ya kulipiza sala za watu wenye hofu. Namwamini. Bado nikisikia mlio wa mbali koo linajifunga kwanza, halafu ndipo ninapokumbuka kupumua. Na watoto wangu sijawaziba mdomo. Niliwashika mikono.

Tangu wakati huo wako vijana ambao teze zao zimeisha na tarehe zinaahirishwa, kwa kuwa mjumbe fulani wa juri hawezi kusafiri. Wengine wanapangiwa kutetea kupitia skrini, na intaneti inakatika katikati ya jibu. Baadhi wanakuja kwetu jioni. Sofa imesogezwa, vitenge vya togo vipo, na sheria ya yaya haijabadilika: hatukuletei maji. Wiki hii kuna msichana wa kilimo, teze yake ni juu ya magonjwa ya muhogo, na jana alisimama mlangoni bila neno mpaka majivu ya jikoni yakapoa. Yaya hakuhangaika. Alifuma sweta yake akingoja. Leo anarudi, na baba mkwe ametuma salamu kutoka Idjwi kwamba ana swali moja juu ya sombe, yale majani ya muhogo.